Mwaka Nilioacha Maziwa

Kama umeambiwa hospitalini uache maziwa, na wewe ni mtu wa huku kwetu ambako kila ng'ombe ana jina na kila mtoto analijua, basi najua ulivyojibu. Ulisema "sawa" kwa mdomo. Ulipotoka nje ukasema moyoni kwamba yule nesi katoka mbali, hajui watu wa Mara wanaishije. Mimi nilifanya vivyo hivyo, na ubishi wangu ulinirudisha kitandani mara ya pili. Sasa tumbo limetulia na suruali zimeanza tena kunibana kiunoni, kwa hiyo naandika ili wewe usipoteze miezi niliyoipoteza mimi.

Sitaeleza utumbo unavyofanya kazi. Sijui, na nikijaribu nitakudanganya. Kama tumbo lako lina shida, nenda ukaonwe na waliosomea. Mimi nitakusimulia mabenchi, ndoo, nazi na mama yangu.

Naishi Kisaka, wilaya ya Serengeti. Nalima, nafuga, na umri umepita hamsini. Mtoto wangu wa kwanza ni Ghati, ndiyo maana watu wote wananiita Baba Ghati. Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa kifua kipana na maneno mengi. Asubuhi nilikunywa maziwa kabla ya chai, kisha chai yenyewe ilikuwa ya maziwa, na mchana ugali wangu uliteremka kwa maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu. Mtu akininyima nyama nilisamehe. Maziwa, hapana.

Vibuyu vyote vya nyumbani ni vya mama. Yeye ni mjane, anakaa nyumba ya pili kwenye boma hilohilo, na mpaka leo anakamua mwenyewe. Anaviosha vibuyu, anavifukiza kwa kijinga cha moto cha mti anaouchagua yeye, na hakuna mkwe wala mjukuu anayeruhusiwa kuvigusa. Na ana desturi moja. Kabla hajakupa maziwa, anamimina kidogo kwenye kifuniko, anaonja, halafu ndiyo anakukabidhi. Anasema anayekamua lazima aonje mbele ya anayekunywa, ili asiwepo wa kuuliza kuna nini ndani.

Ugonjwa ulianza mwisho wa kiangazi, homa ya matumbo. Nikajitibu kwa vidonge vya dukani kwa sababu ng'ombe wangu mmoja alikuwa karibu kuzaa na sikutaka kusafiri. Siku ya kumi tumbo likawa gumu, siwezi hata kuguswa na shuka. Mke wangu, Bhoke, hakunisikiliza tena. Akaita gari la jirani, wakanilaza nyuma juu ya godoro mpaka Mugumu. Nakumbuka benchi la mapokezi, la mbao, lenye msumari mmoja uliochomoza ambao kila mgonjwa aliyekaa pale aliuruka bila kuambiwa. Nikalala kwenye benchi hilo kichwa changu kikiwa kwenye mapaja ya Bhoke, mbele ya watu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nimuoe. Jioni wakanipasua. Utumbo ulikuwa umetoboka.

Nilipona kidonda. Sikupona tumbo.

Mama alikuja kila baada ya siku tatu kutoka Kisaka, na kibuyu amekifunga kwa kitenge mgongoni kama anavyobebwa mtoto. Alikaa pembeni ya kitanda, akamimina kwenye kifuniko, akaonja, akasema maneno yale yale: "Nimeonja. Kunywa." Nikanywa yote. Ndani ya nusu saa tumbo linanguruma, linajaa, na mimi nakimbilia chooni huku nimeshika ule mti wa dripu wenye magurudumu, gurudumu moja halizunguki. Wagonjwa wenzangu walijifunza kupisha njia. Nilikonda nikawa ngozi na mifupa. Saa ya mkononi ilipanda mpaka karibu na kiwiko. Mkanda Bhoke aliutoboa matundu mapya kwa msumari wa moto, mawili, kisha mawili mengine.

Sasa sikia ujinga wetu. Ndugu walipokuja kuniona na kukuta nimekonda, walikaa kikao pale nje kwenye nyasi. Kikao kikaamua: huyu hana nguvu, aongezewe maziwa. Mama akaanza kuja kila siku mbili.

Aliyegundua ni nesi anayeitwa Zuhura. Ni mtu wa Pangani, amehamishiwa Mugumu na serikali, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusikika wodi nzima. Alinipa karatasi, akaniambia kila nikila kitu niandike, na kila nikienda chooni niweke alama. Baada ya wiki moja akaichukua, akaisoma palepale amesimama.

"Baba Ghati," akasema, "siku mama yako haji, wewe unapona. Siku akija, unaugua. Ni maziwa."

Hakumwona mama. Mama alikuwa mlangoni, kibuyu mgongoni, amefika muda huohuo. Alisikia neno kwa neno. Alisimama kidogo, akakaza fundo la kitenge, akageuka. Niliita, "Mama!" lakini alikuwa ameshaingia uani kwenye jua. Zuhura aliweka mkono mdomoni. Alimkimbilia mpaka getini kumweleza kwamba hakuna aliyekosea, ni tumbo langu tu limebadilika baada ya yale yote. Mama alimsikiliza, akamshukuru kwa adabu, akaenda kutafuta usafiri.

Daktari naye akathibitisha: maziwa mabichi hapana, ya moto hapana, ya mgando hapana. Nikauliza, "Na siku ya wakwe?"

Hakuelewa, kwa hiyo nikueleze wewe. Ghati alikuwa ameposwa na kijana wa Tarime, na wakwe walipanga kuja baada ya mavuno kumaliza maneno. Katika ukoo wetu, siku hiyo kibuyu kimoja huzungushwa. Mama wa boma huonja, baba wa binti hunywa, kisha baba wa kijana hunywa kutoka kibuyu hichohicho. Si kugusa kwa midomo. Unakunywa mpaka wazee waseme yatosha. Baba asipokunywa, maana yake ni kwamba hajamtoa mtoto, na wageni wanainuka na kurudi kwao. Shangazi yangu alikosa mume kwa namna hiyo, babu alikataa kibuyu kwa hasira ya siku moja. Hilo ndilo nililokuwa nalo kichwani, nimelala na nyuzi tumboni: nikinywa naumia, nisipokunywa namharibia Ghati.

Niliruhusiwa kurudi nyumbani mvua za vuli zilipoanza. Nikatii siku nane. Siku ya tisa nilipita kwa jirani, akanipa kikombe, nikasema kikombe kimoja hakiui mtu. Sitaki kuandika yaliyofuata. Itoshe kwamba nilirudi wodini, kitanda cha karibu na dirisha, na ule mti wa dripu wenye gurudumu bovu ulikuwa unanisubiri.

Zuhura hakunigombeza. Mchana alikuja na bakuli lenye kifuniko kutoka nyumbani kwake, uji wa ulezi, mweupe kwa juu, unanukia vizuri. Nikamwambia, "Sista, umesema mwenyewe nisiguse maziwa." Akasema, "Hayo ni tui. La nazi. Hakuna ng'ombe humo."

Nikanywa. Kisha nikavaa kandambili zangu, nikakaa ukingoni mwa kitanda, tayari kwa mbio. Nikasubiri kunguruma. Nusu saa ikapita. Mgonjwa wa jirani akaanza kunitazama kwa wasiwasi mkubwa kuliko wangu mwenyewe. Saa nzima ikapita, tumbo kimya, limejaa ule ujazo wa raha niliousahau. Nikalala na kandambili miguuni. Nilipoamka nililia, nasema wazi, mwanaume mzima nimelia kwa sababu ya uji.

Tangu siku hiyo kila nilipokwenda kliniki nilipitia kwa Zuhura kupata somo. Nazi huku kwetu hazioti, zinaletwa na magari kutoka Pwani, na mpaka zifike sokoni Mugumu zimeshazunguka sana. Muuzaji atakuapia kwamba zote ni nzima. Mara ya kwanza nilichagua kama ninavyochagua dume mnadani: kubwa, lenye umbo zuri, ngozi inang'aa. Nilimpelekea Zuhura nazi tatu kwa majivuno. Akaitikisa ya kwanza, akaiweka chini. Ya pili, akaiweka chini. Ya tatu akaivunja ili nione mwenyewe, na harufu iliyotoka ilimfanya paka wa nyumba ahame.

"Wewe umenunua uzuri," akaniambia. "Nazi hainunuliwi kwa uzuri. Tikisa."

Kwa hiyo nakufundisha nilivyofundishwa. Itikise karibu na sikio, maji yacheze ndani. Kama hailii, imepasuka au imekauka, iache hapo. Iwe nzito kuliko unavyotegemea ukiitazama. Geuza uangalie yale macho matatu: yawe makavu, yasiwe na ukungu wala unyevu, na ubonyeze kwa kidole yasibonyee. Ukiivunja, kinga maji yake na uyaonje kwanza. Yakiwa na ladha ya sabuni au uchachu, nazi hiyo mpe kuku. Nilipojifunza hayo nikawa msumbufu sokoni. Natikisa ishirini, nachukua mbili, na muuzaji mmoja alianza kuniita Daktari wa Nazi.

Mbuzi ya kukunia nilitengenezewa na fundi wa viti, kwa maelezo ya Zuhura, maana fundi mwenyewe hajawahi kuiona. Ni kigoda kifupi chenye ulimi wa chuma wenye meno. Unakikalia, magoti yako huku na huku, unazungusha nazi kwenye meno. Siku ya kwanza nilikuna nazi kidogo na vidole vyangu sana. Nilifunga kitambaa kwenye kidole cha shahada nikaendelea. Bhoke hakutaka niingie jikoni kwake, akasema nitamletea balaa, kwa hiyo nilifanyia kazi nje chini ya paa. Wenzangu wa rika moja walikuwa wakipita barabarani wanasimama kwenye uzio.

"Mura! Umeolewa lini?" mmoja aliniuliza.

"Jana," nikamjibu. "Na mume wangu ananipiga, nisaidie kukuna."

Waliangua kicheko, na Bhoke aliyekuwa ndani alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu nipasuliwe sikuwa nimesikia kicheko chake. Nikaendelea kukuna kwa nguvu mpya.

Kisha nikafanya kosa ambalo nadhani ni mtu wa kwetu tu angelifanya. Niliwaza hivi: kama tui ni badala ya maziwa, basi na mgando wake upo. Nikachukua kibuyu cha zamani kilichokuwa ghalani, nikakifukiza kwa moshi kama ninavyomwona mama akifanya, nikajaza tui la nazi nne, nikaziba, nikakitundika siku nne. Nilikuwa nakipita na kukipigapiga kwa upendo. Siku ya nne, tukiwa tunakula mchana, kizibo kiliruka kikagonga bati. Mbwa alikimbilia kwenye mahindi. Kile kilichotoka kwenye kibuyu sina jina lake. Zuhura nilipompigia simu kumuuliza nimekosea wapi, alicheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena ili amalizie kucheka. Kumbe tui halilazwi. Unalikamua leo, unalila leo.

Mama alikuwa amesimama mlangoni kwake siku ile kizibo kiliporuka. Hakucheka. Akaingia ndani.

Hapa ndipo palipokuwa na uchungu katika nyumba yetu, na sitaficha. Tangu siku ya wodini mama hakula nyumbani kwangu. Wajukuu aliwapelekea maziwa kwa kupitia mlango wa nyuma. Tui aliliita "maji ya mti," na Bhoke alipomkaribisha aonje hata kijiko, alisema mdomo wake hautaguswa na kitu hicho mpaka afe. Nilimwamkia kila asubuhi, "Shikamoo mama." Aliitikia, "Marahaba," akaendelea na kazi. Mimi nilidhani amekasirika kwamba nimeyakataa maziwa yake. Nikakasirika nami. Tulikaa hivyo masika yote, boma moja, tunapishana na ndoo mkononi.

Lakini mwili ulikuwa unarudi. Nilijifunza kukamua tui la kwanza, lile zito, nikaliweka pembeni, kisha nikaongeza maji ya vuguvugu kwenye machicha nikapata tui jepesi. Jepesi linatangulia kwenye sufuria, zito linaingia mwisho, na hapo usiondoke hata kama nyumba inaungua. Unakoroga taratibu upande mmoja, hufuniki, moto mdogo, la sivyo linakatika na kubaki mafuta juu na maji chini. Maharage nilipika, wali nilipika, uji wa mtama nikaupika kila siku. Kisha siku moja nikathubutu mboga ya mgagani. Wewe unajua mgagani ulivyo mchungu, na unajua kwetu hupoozwa kwa maziwa. Niliuchemsha, nikamwaga maji, nikaupika polepole kwa tui zito mpaka likanywewa. Bhoke alionja. Akaongeza. Akaniambia, "Huu usimpe mtu mwingine," akavuta bakuli upande wake. Mkanda wangu ukarudi tundu moja.

Siku moja wakati wa kuvuna mtama, nilikuwa nakuna nazi chini ya paa nikahisi mtu nyuma yangu. Ni mama, amesimama na fimbo yake, anatazama mikono yangu.

"Hiyo kitu yako," akasema, "ikilala inaharibika?"

"Ndiyo, mama. Mwisho ni jioni."

"Na moshi inaharibu?"

"Moshi hauna shida. Kulala ndiyo shida."

Akaondoka. Nilidhani anatafuta la kusema tu.

Mavuno yakaisha, wakwe wakatuma siku. Nilifikiria kumpigia Mzee Mwita, baba wa kijana, nimweleze. Lakini unamwelezaje mtu ambaye hamjawahi kula pamoja kwamba tumbo lako linakataa maziwa, naye asione ni kisingizio cha kumnyima binti? Bhoke akapendekeza tuwape soda. Mama alisikia, akasema kutoka uani, "Mjukuu wangu haolewi kwa soda." Na kumwomba mama abadilishe kilichomo kibuyuni nilishindwa kabisa. Ilikuwa ni kumrudishia usoni yale aliyoyasikia mlangoni mwa wodi.

Nikaamua nitakunywa. Nikamwambia Bhoke amwombe yule jirani gari liwe tayari barabarani, wageni wakiondoka tu nipelekwe Mugumu. Bhoke alinitazama machozi yakimlengalenga.

"Baba Ghati, unataka huyu mtoto aolewe akiwa na msiba?"

Ghati naye akaja, akapiga magoti. "Baba, usinywe. Mimi nitasubiri hata miaka." Nikamwinua. Niliwaambia nimeshaamua, nikatoka nje.

Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa na nazi sita nilizozichagua mwenyewe kwa ajili ya wali wa wageni. Nilipozifuata nikakuta nne. Mbuzi yangu nayo haikuwa pale nilipoiacha. Niliwafokea watoto wote wa boma, nikamfokea na Bhoke, siku ya kumaliza maneno nikaianza kwa kelele za nazi. Hakuna aliyejua kitu. Baadaye mbuzi nikaikuta nyuma ya ghala, nikapika kwa nazi nne, nimenuna.

Wageni walifika mchana, magari mawili kutoka Tarime. Mzee Mwita ni mtu mrefu wa kofia, amestaafu ualimu, anatazama kila kitu mara mbili. Maneno yalikwenda vizuri. Watu walikula, wali ukasifiwa. Kisha wazee wakakohoa, na mama akatoka nyumbani kwake amekumbatia kibuyu chake kikubwa, kile cheusi kwa moshi. Nikamwangalia Bhoke, naye akaangalia barabarani kulikokuwa na gari.

Mama alisimama katikati. Nikaona kidole chake cha shahada kimefungwa kitambaa. Hata hapo sikuelewa, kichwa kilikuwa kimeganda.

"Wakwe zangu, karibuni," akasema. "Kabla sijaonja nina neno. Hii si maziwa ya ng'ombe. Ni ya nazi. Nimekuna mwenyewe leo asubuhi."

Watu wakageukiana. Mjomba wangu mmoja akataka kuinuka, mama akamnyooshea kile kidole chenye kitambaa, akakaa.

"Mwanangu alipasuliwa tumbo. Mimi nikabeba maziwa kutoka hapa mpaka Mugumu, nikaonja mbele yake, nikamwambia kunywa. Kumbe nilikuwa namuumiza kwa mkono wangu. Hiyo neno nimekaa nayo mwaka mzima, hata chakula chake nimeshindwa kula, namwonea aibu." Akageuka kidogo kuelekea zizini. "Zizi ni ile pale. Anayetaka maziwa ya ng'ombe, nitamkamulia sasa hivi. Lakini mwanangu hatakunywa. Akinywa hii, ametoa mtoto kwa moyo. Anayekataa aseme."

Aibu. Mwaka mzima niliita hasira kitu kilichokuwa aibu. Nilitaka kuinuka nimshike mikono lakini desturi hairuhusu, kwa hiyo nilikaa pale nikifuta uso kwa kiganja.

Macho yote yalikuwa kwa Mzee Mwita. Alivua kofia akaiweka gotini.

"Mama," akasema, "mimi nilikuja kutafuta binti. Sikuja kukagua ng'ombe."

Vigelegele vilipasuka. Mama hakupoteza muda. Akamimina kwenye kifuniko, akakitazama kile alichoapa kwamba hakitagusa mdomo wake, akafumba macho akaonja. Nyusi zikapanda. Akamimina tena, akaonja tena.

"Bibi, kuonja ni mara moja!" wanawake wa Tarime wakapiga kelele, na kicheko kikazunguka boma lote.

Alinikabidhi kibuyu bila kusema neno lake la wodini. Nikakiinua. Kwanza ulikuja moshi, ule moshi wa vibuyu vya mama nilioukosa mwaka mzima, kisha utamu wa nazi chini yake, tui zito, la kwanza, amelikamua vizuri kuliko mimi. Nikanywa na kunywa. Wazee walisahau kusema yatosha, Bhoke ndiye aliyepaza sauti kwamba mkwe naye abakishiwe. Mzee Mwita akanywa, akapangusa sharubu, akamtazama mama kwa adabu kubwa.

"Hii ng'ombe yenu inakula nini?"

"Haili," mama akamjibu. "Inatikiswa."

Lile gari la barabarani halikupata abiria. Mwenye gari aliitwa ndani akapewa wali.

Ghati yuko Tarime sasa, na mume wake amejifunza kutikisa nazi, hilo lilikuwa sharti langu. Zuhura bado yuko Mugumu. Mimi bado siwezi maziwa, na pengine sitaweza tena. Ninayakumbuka, sitadanganya, hasa mvua ikinyesha. Lakini wewe uliyeambiwa uyaache, yaache leo, usisubiri siku ya tisa kama mimi. Na yule aliyekuwa akikupa kwa mkono wake, mtafute umwambie kwamba hakukosea. Usikae mwaka mzima kama nilivyokaa.

Asubuhi iliyofuata siku ya wakwe niliamka nikakuta moto umeshawashwa chini ya paa, na mama amekalia mbuzi yangu, anakuna nazi polepole akilinda kidole. Nikamwamkia. Akaitikia, akanionyesha pa kukaa. Uji ulikuwa tayari kwenye sufuria ndogo. Alimimina kidogo kwenye kifuniko, akaupuliza, akaonja, akanipa kikombe kwa mikono miwili.

"Nimeonja," akasema. "Kunywa."